UZI: Wameingia kutoa mfuko wa nyongo wakakuta jiwe limeshuka kwenye mrija, pale mezani kinafanyika nini?

sista_wa_thieta:

Wakuu habari za jioni. Kuna uzi humu jamaa analalamika mkewe kaingia thieta kwa ile oparesheni ya matundu, kutoa mfuko wa nyongo, wakaambiwa ni kitu cha saa moja na kidogo, mama wa watu kakaa huko ndani mpaka ndugu wakaanza kulia kwenye korido, alafu katoka na mrija unaning'inia ubavuni na karatasi ya rufaa juu. Wachangiaji karibu wote wamekimbilia neno uzembe. Sitamtetea daktari nisiyemjua na kesi siijui, ila mimi ni muuguzi wa thieta, kazi yangu ni kusimama na vile vyuma nimpe bingwa kabla hajamaliza kuomba, na hii hali naijua, kwahiyo ngoja niwaeleze inavyokuwa.

Ini linatengeneza nyongo kutwa nzima, kama nusu lita mpaka lita kwa siku, inashuka kwa mrija mkuu mpaka utumbo mdogo. Mfuko wa nyongo wenyewe umekaa pembeni, umeungwa na mrija mkuu kwa kamrija kembamba. Kutoa mfuko maana yake unafunga kale kamrija kwa klipu, unakata, unauchomoa kwenye kitundu cha kitovuni, imeisha. Sasa mawe mengi yanazaliwa humo mfukoni lakini hayana adabu, dogo moja linateleza kupitia kale kamrija linaingia mrija mkuu, na mrija mkuu ndio njia ya nyongo yote kutoka ini, huwezi kuukata ukatupa. Kule chini kabisa unapotaka kumwaga kwenye utumbo unakutana na mrija wa kongosho, jiwe likikaba pale ndio unaona macho ya njano, mkojo mweusi, homa ya kutetemeka, au kongosho linavimba na hilo wakuu sio la kuchezea.

Na sio bahati mbaya ya mtu mmoja. Kati ya watu 100 wenye mawe ya mfuko yanayosumbua, 10 mpaka 20 hivi wana jiwe kwenye mrija pia, na wengine wao hawakuwa na dalili yoyote ya mrija, damu safi, altrasaundi safi, unakuja kujua mtu ameshalala.

Unajuaje? Hapa ndio hospitali zinapoachana. Penye mashine ya eksirei ya thieta, ile C-arm ambayo mara nyingi ni mali ya watu wa mifupa na lazima ukaiombe kwa heshima zote, bingwa anatoboa kale kamrija kabla ya kukifunga, anapitisha katheta, yaani kabomba kembamba laini, anasukuma dawa ya rangi, tunapiga picha. Rangi ikishuka yote mpaka utumboni, poa. Ikisimama njiani, au pakionekana kivuli cha duara katikati ya rangi, kuna kitu. Hapo namkumbusha intern kila siku, toa hewa yote kwenye bomba la sindano kabla ya kusukuma, maana kipovu cha hewa kwenye ile picha kinafanana na jiwe kabisa na mtu anaweza kupasuliwa mrija kutafuta hewa. Hii picha sio mambo ya jana, daktari Mirizzi wa Argentina alianza kuipiga miaka ya 1930. Ila hospitali nyingi kwetu haipigwi kwa kila mtu, kuna zinazopiga tu wakihisi kitu na kuna ambazo hazina mashine kabisa.

Haya, jiwe limeonekana. Kuanzia hapo bingwa anauliza maswali matatu manne kwa sauti: lina ukubwa gani, yako mangapi, mrija una upana gani, na sista tuna nini kabatini? Hilo la mwisho ndugu zangu ndio mgonjwa huwa hajui kwamba lipo.

Kama ni kadogo, milimita 3 au 4 au ni tope tu, tunajaribu kuosha. Mtu wa usingizi anachoma dawa ya kulegeza ule mlango wa chini, glukagoni kama ipo, wengi wetu tunatumia Buscopan, alafu bingwa anasukuma maji ya chumvi kwa nguvu kupitia ileile katheta, tunapiga picha tena. Mara nyingine kanatoka hapohapo na watu tunapumua.

Kasipotoka unaingia na kikapu, ni waya mwembamba unafunguka ndani ya mrija, unalizingira jiwe, unafunga, unavuta. Au kipira kinachojazwa ukishavuka jiwe. Kama kuna kamera ya mrija, yenye unene wa milimita 3 hivi, bingwa anaona ndani live. Hii ya kupitia kamrija ni nzuri mno, mrija mkuu haukatwi, mgonjwa anaenda nyumbani kama mtu aliyetolewa mfuko tu. Lakini inataka mawe madogo, yawe machache, na yawe chini ya pale kamrija kanapoungana na mrija mkuu, yakiwa juu kuelekea ini kikapu hakipindi kwenda huko kirahisi.

Mawe makubwa au mengi, ndio mrija mkuu wenyewe unapasuliwa kwa mbele, yanatolewa, unashonwa. Inawezekana kwa matundu kama bingwa anajua kushona kwa kamera na vifaa vipo, la sivyo tumbo linafunguliwa kwa mkato chini ya mbavu. Na hapa sikilizeni vizuri: mrija ukiwa mwembamba, chini ya milimita 8 hivi, bingwa mwenye akili zake hataupasua hata jiwe analiona. Ukishona mrija mwembamba unakuja kubana baadae, na mrija uliobana ni ugonjwa wa miaka, afadhali jiwe.

Na ndio tunafika kwenye lile linaloitwa uzembe. Kuna wakati uamuzi sahihi ni KULIACHA jiwe. Unamaliza kutoa mfuko, kile kishina cha kamrija unakifunga kwa uhakika zaidi ya kawaida kwasababu presha ya nyongo iliyozibwa chini inaweza kuing'oa klipu, unaweka dreni, ule mrija wa kutolea majimaji nje ubavuni, alafu mgonjwa anapelekwa kwenye ERCP, kamera ya kupitia mdomoni, inashuka mpaka utumbo mdogo, wanakata kidogo ule mlango wa mrija na kulivuta jiwe kwa chini. Hakuna kidonda cha nje. Tafiti zilizolinganisha kutoa yote siku moja kwa matundu na kutoa mfuko kwanza au baadae na ERCP zinaonyesha mafanikio yanakaribiana, tofauti kubwa ni siku za kukaa wodini.

Kwahiyo jiwe lililoachwa kwa kujua, likaandikwa, mgonjwa akaambiwa na tarehe akapewa, mimi siiti uzembe. Ninachokiita uzembe ni jiwe lililoonekana kwenye picha alafu mgonjwa anaruhusiwa na "oparesheni imeenda vizuri mama" bila neno lingine.

Maswali karibuni, naingia shift usiku nitajibu nikipata nafasi.

---

mkulima_wa_vitabu:

Umetisha sista. Swali la mtu asiyejua: kwanini hawapimi kabla? Unaingizaje mtu thieta hujui kuna jiwe wapi?

sista_wa_thieta:

Wanapima mkuu. Altrasaundi kwa mawe ya MFUKO iko vizuri sana, ila kwa mrija inapata tabu, ile sehemu ya chini imejificha nyuma ya utumbo na utumbo una gesi, mawimbi hayapiti. Mara nyingi inachokuonyesha ni mrija umepanuka, zaidi ya milimita 6, na unaanza kushuku. Wanaangalia na damu, bilirubini (ile rangi ya njano ya nyongo) na vimeng'enya vya ini. Mtu mwenye njano, mrija mpana na jiwe limeonekana kabisa, huyo anaenda ERCP kabla hata ya kuguswa mfuko. Wenye shaka ya katikati ndio wanahitaji MRCP, ile MRI ya mirija, na hapo uliza bei na foleni yake mikoani alafu urudi uniambie. Na hata MRCP mawe madogo inayaruka. Alafu kuna hili, mtu kapimwa leo, thieta wiki ya tatu, jiwe linashuka katikati. Au linashuka palepale mfuko unaposhikwashikwa.

---

mtoto_wa_likoni:

Shukran sista, somo zuri hili. Huku kwetu Mombasa mamangu mdogo alifanyiwa hivyo hivyo, akatoka na mrija wa T, wakamwambia akae nao nyumbani wiki kadhaa. Sisi tuliogopa sana wallahi, ule mfuko unajaa nyongo kila siku tukaona damu yake yote inaisha. Ule mrija lazima kweli?

sista_wa_thieta:

Pole yake ndugu yangu. Mrija wa T unawekwa kwenye mrija mkuu uliopasuliwa, mikono miwili inalala ndani mmoja unatoka nje ubavuni, ili nyongo iwe na pa kupumulia wakati mshono unapona na uvimbe wa chini unashuka. Kutoka mililita 300 au 400 kwa siku mwanzoni ni kawaida, ila inatakiwa ipungue siku zinavyoenda maana nyongo inaanza kushuka njia yake. Ikizidi kuongezeka badala ya kupungua, warudi, huenda chini bado kumeziba. Na anywe maji na chumvi chumvi, ile nyongo inatoka na madini.

Kabla ya kuutoa wanapiga picha ya rangi kupitia huohuo mrija, pakiwa safi wanaufunga kwanza kwa muda waone kama ataumwa au kupata homa, ndio wanauvuta. Kwa kawaida ni wiki mbili tatu au zaidi, na sio ukatili, ni kwamba mwili unatakiwa ujenge njia ngumu kuuzunguka mrija, ukiutoa mapema nyongo inamwagika tumboni. Uzuri mwingine, kama jiwe limebaki, hiyohiyo njia ikishakomaa wiki ya nne mpaka ya sita wataalamu wa eksirei wanaweza kupitisha kikapu humo wakalitoa bila kisu.

Kama ni lazima? Siku hizi mabingwa wengi wanashona mrija moja kwa moja bila T kama wana uhakika pamesafishika, na tafiti ziko upande wao, mgonjwa anaenda nyumbani mapema. Asiye na kamera ya kuangalia ndani anaweka T kwasababu hana uhakika. Mimi namuelewa.

---

nyati_mkongwe:

Mnatishana tu humu. Kikombe cha mafuta ya zeituni, juisi ya limau, unafunga kula jioni, asubuhi mawe yanatoka ya kijani kwenye choo unayahesabu. Shemeji yangu kayatoa zaidi ya thelathini, picha ninazo. Hospitali ni biashara.

sista_wa_thieta:

Mzee wangu shikamoo. Yale ya kijani ni sabuni. Mafuta mengi na limau yakikutana na juisi za tumbo yanagandana vidonge laini vinavyochukua rangi ya nyongo. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha barua ya madaktari wa New Zealand waliopelekewa "mawe" ya hivyo na mgonjwa wakayapima maabara, hayakuwa na kolesteroli, wala bilirubini, wala kalsiamu, ni mafuta matupu, na yule mgonjwa mawe yake halisi alikuja kutolewa kwa oparesheni. Muambie shemeji ayaweke juani, jiwe la kweli haliyeyuki. Alafu kunywa kikombe cha mafuta kunaubana mfuko kwa nguvu, na mfuko ukibanwa ndio unasukuma mawe madogo kwenye mrija. Yaani unaweza kujitengenezea hasahasa hili tatizo la uzi.

nyati_mkongwe:

Marahaba. Nitamuuliza kama bado anayo.

mkulima_wa_vitabu:

Kwamba kayatunza?? 😂😂

---

bado_nipo_nipo:

Mimi nina mawazo tofauti kidogo. Kama ERCP haina kisu kwanini wasifanye hiyo kwa wote, waachane na kupasua mirija? Au ndio teknolojia mpya bado wanajaribia watu?

sista_wa_thieta:

Mpya sio, kile kitendo cha kukata mlango wa mrija kwa kamera kilianza 1974, Ujerumani na Japani karibu kwa pamoja. Ila kutokuwa na kidonda sio kutokuwa na hatari. Katika watu 100 wanaofanyiwa, kati ya 3 mpaka 10 wanapata uvimbe wa kongosho, wengi mdogo wa siku chache, wachache mkali. Kuna kutokwa damu, kuna kutoboka utumbo japo ni nadra. Ndio maana utaona wanaweka kidonge cha diklofenaki au indomethasini njia ya haja kubwa, watu wanashangaa, ile inapunguza hatari ya kongosho kweli. Na wanaojua kuifanya vizuri ni wachache, wako hospitali kubwa za mijini, mgonjwa wa Katavi au Turkana ukimwambia ERCP unamwambia nauli, kulala, na bima kama itakubali. Kwahiyo bingwa wa mkoani anayejua kutoa jiwe mezani siku hiyohiyo kamwokolea mtu mengi.

Upande mwingine, mzee wa miaka 80 moyo umechoka, njano na homa kali, huyo ERCP kwanza, kupasua utamuua.

---

dada_wa_minnesota:

Habari zenu, niongezee kitu maana huku kipo sana. Mimi nilifanyiwa oparesheni ya kupunguza tumbo, ile ya kuunganisha utumbo juu, bypass, baadae nikapata mawe. Daktari wangu alinambia mapema kabisa mtu mwenye bypass ERCP ya kawaida haifiki, kamera ikishuka inaenda njia mpya haioni mlango wa mrija. Kwahiyo kwetu sisi picha ya pale mezani na kulitoa palepale ni muhimu zaidi, la sivyo inabidi wapitishe kamera kwa tundu la tumboni. Na kupungua uzito haraka ndio kunaleta mawe yenyewe. Kama una ndugu kafanyiwa hii Uturuki au India karudi Bongo, hakikisha daktari wa huku anajua.

sista_wa_thieta:

Asante sana dada, hili wengi hawalisemi. Wanaona aibu kusema walipunguza tumbo. Semeni jamani.

---

mama_wawili:

Sista mimi mwanangu ana sikoseli, miaka 12, wamemkuta na mawe. Macho yake ni ya njano siku zote toka mdogo. Sasa nitajuaje kama jiwe limeingia kwenye huo mrija??

sista_wa_thieta:

Pole mama. Kwa watoto wa sikoseli damu inavunjika haraka, ile rangi inayobaki inaganda kuwa mawe meusi, ndio maana mtoto wa miaka 12 anapata ugonjwa tuliouzoea kwa watu wazima. Tanzania kila mwaka wanazaliwa kama watoto 11,000 wenye sikoseli kwahiyo hauko peke yako kabisa.

Njano yake ya kila siku ni ya damu kuvunjika, kipimo chake kinaitwa bilirubini isiyounganishwa. Jiwe likiziba inapanda ile iliyounganishwa, direkti, mwambie daktari wako aziandike zote mbili mbili kila akipima ili uwe na namba zake za kawaida. Nyumbani angalia hivi: njano imezidi ile unayoijua, mkojo umekuwa rangi ya chai hata akinywa maji mengi, choo kimepauka kuwa cheupe, anajikuna, maumivu chini ya mbavu za kulia, na hasa homa na kutetemeka. Hiyo homa usisubiri asubuhi. Na akipangiwa oparesheni awe anafahamika na kliniki yake ya sikoseli, wana maandalizi yao ya maji, oksijeni na damu kabla ya usingizi.

mama_wawili:

Mungu akubariki, nimescreenshot.

---

mkulima_wa_vitabu:

Tuseme ndio zamu yangu, niko mbele ya daktari nasaini fomu. Niulize nini bila kuonekana mjuaji?

sista_wa_thieta:

Uliza kiswahili cha kawaida tu: "Dokta, mkikuta jiwe kwenye mrija mtafanyaje?" Moja tu hilo. Jibu lake litakuonyesha kama wana picha ya mezani, kama wanaweza kulitoa, kama watafungua tumbo, au watakupeleka wapi. Hakuna jibu moja sahihi. "Hatuna vifaa, tutamaliza mfuko na kukupeleka ERCP hospitali fulani" ni jibu zuri kabisa, unajipanga na nauli na bima kabla. Jibu la kuhofia ni "haitatokea."

Na fomu isomeni, kama imeandikwa kutoa mfuko tu, muulizeni kama ridhaa inahusu na mrija na kufungua tumbo ikibidi, ili ndugu zako wasije kulia kwenye korido.

Ukitoka omba ripoti ya oparesheni kwa maandishi. Ionyeshe kama picha ilipigwa, kama kuna jiwe limebaki, na kama kuna kitu kimeachwa ndani ya mwili.

bado_nipo_nipo:

Nimesikia mawe mengine yanatoka yenyewe. Kwanini nihangaike na rufaa?

sista_wa_thieta:

Kweli yanatoka. Kuna utafiti waliacha katheta kwa watu waliokutwa na jiwe wakarudia picha baada ya wiki sita, zaidi ya theluthi moja jiwe lilikuwa limeshapita lenyewe. Sasa hao wengine? Shida huwezi kujua wewe uko kundi gani, na linalopita linaweza kupita kwa kuliwasha kongosho. Mwongozo wa Uingereza wa 2017 unasema jiwe la mrija likijulikana mgonjwa apewe nafasi ya kutolewa kama hali yake inaruhusu, hata kama haumwi. Kwa kale ka milimita 2 bingwa anaweza kusema tusubiri na kukupima, sawa, ila kukupima kuwepo kweli.

---

gari_la_mkaa:

Samahani nimechelewa uzi. Umesema kitu kimeachwa ndani. Mzee wangu mwaka jana alifanyiwa hio ERCP jiwe halikutoka lote wakamwekea kibomba cha plastiki, stenti, wakasema nyongo itapita. Akapona kabisa njano ikaisha, hatukurudi. Wiki hii anasema ana baridi usiku na hamu ya kula hana. Inaweza kuwa malaria tu?

sista_wa_thieta:

Mkuu hapana, usiende duka la dawa. Stenti ya plastiki sio ya kudumu, kwa kawaida inatakiwa kutolewa au kubadilishwa ndani ya miezi mitatu hivi, ikikaa inaziba kwa tope na nyongo iliyoko nyuma yake inapata bakteria, na jiwe bado lipo. Malaria wapime ndio, ila mpeleke hospitali penye wodi, wambie mlangoni kabisa "ana stenti ya nyongo ya mwaka jana," waanze antibayotiki na kupima ini na figo, alafu mipango ya kuitoa ifuate. Macho yakoje?

gari_la_mkaa:

Sijaangalia vizuri, taa ya huku ni hafifu. Anasema mkojo mweusi. Tulipanga twende Jumatatu.

sista_wa_thieta:

Usiku huu mkuu sio Jumatatu. Beba karatasi zote za mwaka jana, asile kitu njiani, na kama anameza dawa za kuyeyusha damu beba pakiti zake.

gari_la_mkaa:

Sawa sista. Nimeshampigia wa bajaji.